Tezi Kumi na Mbili

Ripoti ilikuwa na mistari miwili. Saratani ya utumbo mpana. Tezi tatu zimeangaliwa, zote safi. Chini yake sahihi na muhuri, basi. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya wodi ya upasuaji hapa Kitale, na hasira iliyonishika siku hiyo haijanitoka mpaka leo. Mwenye utumbo huo alikuwa mtu aliyemaliza maisha yake ya kazi akipigana na ripoti za namna hiyo.

Nimemfahamu zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kumwita kwa jina lake. Alikuwa fundi wa maabara, yule anayepokea vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavikata na kuviandaa viangaliwe kwa darubini. Sote tulimwita Fundi, na hata kanisani huko Tuwan, alikopanga nyumba miaka yote ya kazi, waliomwita kwa jina la ubatizo walikuwa wachache. Alishastaafu. Sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha dirishani katika wodi yangu, tumbo limeshonwa, akisubiri jibu.

Jibu lenyewe lilikuwa la jambo moja tu. Daktari wa upasuaji alitaka kujua kama Fundi apewe dawa za saratani, zile za kutundikiwa mshipani kwa miezi, ama aachwe aende kupumzika kwake Bokoli. Ni dawa kali, na mzee alikuwa amekonda. Kama tezi zinazouzunguka utumbo ni safi kweli, angeweza kuachwa. Kama ugonjwa umeshaingia humo, kumwacha ni kumwachia kifo kije taratibu. Na tezi tatu hazisemi kitu. Aliyenifundisha kwamba hazisemi kitu ni yeye mwenyewe.

Zamani hospitali yetu ilikuwa ikikata vipande hapa hapa. Chumba chake kilikuwa nyuma, kimepakana na stoo ya magodoro, na harufu ya fomalini ilikuwa ikikuchoma macho kabla hujafika mlangoni. Nilikuwa nesi mpya, nimetoka kwetu Ndalu juzi tu, nilipotumwa kwake mara ya kwanza. Nilikuwa nimebeba kipande cha utumbo kwenye chupa ya plastiki yenye shingo nyembamba, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoipata. Aliigeuza chupa mara mbili, akaniangalia.

"Hii uriingiza namna gani?"

Fundi alikuwa Mbukusu wa Bokoli kabisa, na kila l iligeuka r mdomoni mwake. Tulimtania kwa hilo mpaka tukachoka.

"Niliisukuma," nikasema.

"Haya. Nionyeshe venye itatoka."

Haikutoka. Nyama ikishakaa kwenye fomalini inakuwa ngumu, na mimi sikujua. Alinisimamisha pale nikahangaika nayo robo saa nzima, kisha akachukua kisu akaipasua chupa. Akanipa vile vipande vya plastiki mkononi. "Perekea daktari wako. Mwambie hii ndio sahani anaretea mgonjwa chakura." Nilivipeleka. Tangu siku hiyo wodi yetu ikawa na ndoo za mdomo mpana.

Vidole vyake ndivyo ninavyovikumbuka zaidi. Alikuwa akiutandaza utumbo kwenye ubao, anaupasua kwa mkasi, anaupima, anauandika, halafu anaingia kwenye mafuta yanayoushikilia. Humo ndimo tezi zinamokaa, nyingine ndogo kuliko punje ya wimbi. Alifumba macho akayapapasa mafuta polepole, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe gizani. Akiipata moja anaiweka pembeni bila kusema neno. Hakuwa akiacha kabla ya kufika kumi na mbili. Madaktari walipiga simu, Fundi, tunangoja, na yeye akajibu kwamba nao wangoje, kwa sababu ile ya kumi na mbili ndiyo inaweza kuwa mbaya. Siku moja alipata kumi na moja tu mpaka saa za kufunga, akafunika ubao kwa kitambaa chenye maji ya dawa, akarudi alfajiri kuendelea. Aliipata.

"Kansa si ndio ama hapana," alikuwa akisema. Alisema kwa madaktari, kwa wanafunzi, kwa mama wa kuosha sakafu. Daktari mmoja wa upasuaji, mtu mwenye haraka zake, alimwambia mbele yetu sote, "Fundi, si uniambie tu kama ni kansa, bana? Hayo mengine ya nini?" Fundi akavua miwani. "Daktari, ukienda Ndaru kununua ng'ombe, unauriza tu kama ni ng'ombe?" Wodi nzima iliangua kicheko. Daktari naye akacheka, lakini hakumpenda tena.

Alijitengenezea fomu yake kwa rula na kalamu ya risasi, akaitolea nakala. Ilitaka uandike uvimbe umechimba mpaka wapi kwenye ukuta wa utumbo, kingo zilizokatwa ni safi au la, kama umeingia kwenye mishipa ya damu na ya fahamu, tezi ngapi zimepatikana na ngapi ni mbaya. Na mwishoni kulikuwa na mstari ambao hakuna aliyeuelewa: Askari wa ukingoni.

Niliuelewa siku aliponikalisha kwenye darubini. Sikuwa na kazi nayo, mimi nesi, lakini alimfundisha yeyote aliyesimama karibu.

"Unaona kure kando, penye kansa inasukuma kwenda mbere? Hizo doti za bruu?"

"Naona. Ni nyingi."

"Hao ni askari. Chembe nyeupe za damu. Mwiri umewatuma. Huyu mama, mwiri wake unapigana hapo mrangoni kabisa. Huyu ana nafasi." Akabadilisha kioo chenye nyama chini ya darubini. "Sasa huyu mwingine."

Niliangalia. Uvimbe ulikuwa umeingia kwenye nyama kama maji yanavyoingia shambani, na doti za bluu zilikuwa chache, moja hapa, moja kule.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Hiyo ndio swari. Wakati mwingine wamejaa kwa damu, mwiri wote uko moto, mtu anakonda, anatoa jasho, damu ikipimwa askari wa fujo ni wengi na askari wa akiri ni wachache. Rakini kwa mrango wa adui hakuna mtu. Hiyo ni mbaya." Akaniangalia kuona kama nimeelewa. "Haisemi utakufa rini, mayi. Mimi si nabii. Inasema tu huyu asiachwe."

Mayi ni mama, kwetu. Wazee wanamwita hivyo msichana wanayemheshimu, na alianza kuniita hivyo siku hiyo.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa na mdomo mchafu na kinyongo kirefu. Kuna mwenzake wa maabara ambaye hakusalimiana naye miaka sita kwa sababu aliandika namba ya mgonjwa mmoja kwenye kioo cha mwingine. Lakini ndugu za mgonjwa wakija kuulizia majibu, sauti yake ilibadilika. Aliwatafutia benchi. Aliwaeleza kwa Kibukusu, taratibu, na kama habari ni mbaya alikaa nao mpaka wanyanyuke wenyewe. Madaktari walilalamika kwamba si kazi yake, na kweli haikuwa.

Kanisani ndiko alikovuka mpaka. Wakati wa matangazo alikuwa akiinuka bila kuitwa, akawaambia waumini kwamba yeyote anayeona damu akienda haja kubwa asijiambie ni bawasiri, asijiambie ni amiba, aje apigwe kamera. Kamera ni ule mpira mrefu wenye taa na lenzi unaoingizwa kupitia nyuma kuuangalia utumbo kwa ndani. Akina mama walijifunika vitenge usoni. Mzee wa kanisa akamwomba, Fundi, hayo maneno si ya madhabahuni. Akajibu, "Kwani huo mrango uriumbwa na nani?" Nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Dawa za miti za bawasiri alizichukia kuliko kitu chochote. Wagonjwa wakija nazo, zile chupa za maji ya kahawia zinazouzwa kandokando ya barabara huko Tuwan, alizimwaga kwenye sinki huku akiwatukana waliozitengeneza, ukoo wao wote.

Mtu huyo ndiye aliyetoka damu miezi kumi na minne bila kumwambia binadamu yeyote.

Nieleze kuhusu mkaza mwana, kwa sababu bila yeye hutaelewa. Mtoto wa Fundi alioa daktari, msichana mwerevu, ambaye baadaye alisomea kamera ya tumbo. Fundi alipostaafu, haukupita mwaka msichana huyo akaletwa hospitali yetu. Ni yeye tu anayeifanya kazi hiyo hapa kwetu. Fundi alijaa fahari. Alikuwa bado anakuja kututembelea, hakuweza kukaa mbali, na kila alipokuja aliwaelekeza wagonjwa kwake: nendeni chumba kile, kuna daktari mzuri sana. Hakusema ni mke wa mtoto wake.

Lakini kwa Wabukusu, baba mkwe na mkaza mwana wana heshima yao. Hawashikani mikono. Hawakai benchi moja. Mkaza mwana akimwandalia mzee chakula anakiweka mezani na kujitenga. Wakikutana njiani, mmoja anapisha mbali. Wengi wa rika langu wamelegeza, ila Fundi hakulegeza hata kidogo, na msichana wa watu, ambaye alilelewa vizuri, naye hakulegeza. Siku moja walikutana ana kwa ana kwenye korido ya famasia, nyembamba vile ilivyo. Msichana alisimama kama amegandishwa. Fundi akafungua mlango wa kwanza aliouona akaingia, na ulikuwa mlango wa kabati la mafagio. Alikaa humo mpaka tulipomgongea kumwambia njia ni nyeupe. Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wote, na sasa nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Kwa sababu nilimwona akikonda. Nilimwona ametoboa mkanda wake matundu mapya kwa msumari. Nesi wa miaka ishirini, niliyefundishwa na yeye mwenyewe, nikamwambia, "Fundi, siku hizi umekuwa modo, kama wale wembamba wa magazeti!" Akacheka, akajipigapiga tumbo, tukaongea mambo ya mbolea. Sikumuuliza swali ambalo ningemuuliza mgonjwa yeyote asiye na jina.

Aliletwa Julai hii kwa gari la jirani, tumbo limefura, hajapata choo siku tano, anatapika. Uvimbe ulikuwa umeuziba utumbo upande wa kushoto. Walimpasua siku hiyo hiyo. Siku ya tatu, alipoweza kuongea, nilivuta kiti.

"Fundi, ulikuwa unaona damu?"

"Niriona."

"Tangu lini?"

"Mahindi ya mwaka jana yakiwa kwa magoti."

"Na ukafanya nini?"

Akaangalia dirishani. "Nirikunywa ire dawa ya miti."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Ile ya Tuwan? Ile ulikuwa unamwaga?"

"Hiyo."

"Fundi, kamera iko hapa! Mlango wa tatu!"

"Na ni nani anashika hiyo kamera?" Sauti yake ilikuwa kavu. "Nivue suruari mbere ya bibi ya mtoto wangu, mayi? Nirare hapo, anione nyuma, kisha jioni aniwekee ugari kwa meza?"

"Eldoret iko. Kuna pahali pengine."

"Nirikuwa naenda. Kira wiki nirikuwa naenda. Mara kupanda, mara kuparira."

Niliinuka nikaenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikafunga mlango, kwa sababu nilikuwa karibu kumpiga mgonjwa. Nilimkasirikia yeye kwanza. Halafu nikaikasirikia heshima yenyewe, hiyo tuliyofunzwa jikoni kwa mama zetu kama kitu kizuri, na ni kitu kizuri, ndiyo maana inaua. Nikaikasirikia hospitali ya kaunti nzima yenye mtu mmoja tu wa kushika kamera. Mwisho nikajikasirikia mimi na mzaha wangu wa modo.

Ndipo ripoti ikaja. Siku hizi hatukati tena vipande hapa, tunavipeleka kwenye maabara moja ya Bungoma, na huko ndiko utumbo wa Fundi ulikokwenda. Nilifikiria kumficha ile karatasi, lakini alikuwa ameshaniona nayo.

Aliisoma. Akaisoma tena, kana kwamba kuna ukurasa mwingine. Nilingoja atukane. Hakutukana, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Tatu," akasema.

"Tatu, Fundi."

"Ukingo hakuandika. Mishipa hakuandika." Akaikunja karatasi mara nne. "Niretee ire ya damu, ya kabra ya kupasuriwa."

Nilimletea majibu ya damu. Alitembeza kidole kwenye safu, akasimama kwenye chembe nyeupe, akahesabu kwa midomo. "Wa fujo wengi. Wa akiri wachache. Protini iko chini." Akanirudishia. "Mwiri uko moto, sista. Hii tatu safi ni uongo. Si uongo wa kusudi, ni uongo wa uvivu. Enda Bungoma. Nyama bado iko kwa ndoo, huwa wanakaa nayo wiki kadhaa kabra watupe. Waambie warudi kwa mafuta."

Kesho yake nilikuwa Bungoma. Daktari aliyeweka sahihi alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na juu ya meza yake kulikuwa na mrundo wa ndoo na makopo kutoka kila upande. Nikamwonyesha ripoti.

"Madam, tezi zilizopatikana ni tatu."

"Zilipatikana tatu, ama ulichoka?"

Nilikuwa nimekwenda na maneno mengine mengi, niliyoyapanga njia nzima, na nilimmwagia yote. Nilimwambia ni utumbo wa nani. Nilimwambia mzee huyo alikuwa akilaza kipande ubaoni kwa ajili ya tezi moja. Nilimwambia daktari wa Kitale yuko tayari kumwacha mtu bila dawa kwa sababu ya mistari yake miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niko peke yangu hapa," akasema. "Si kusema ni sawa. Nakuambia tu niko peke yangu."

"Najua. Na yeye alikuwa peke yake."

Akavaa glovu. Ndoo ilikuwa bado kwenye rafu, na utumbo ulikuwa mgumu wa kijivu, na ulikuwa wake. Akaanza kupapasa mafuta. Mimi nilisimama upande wa pili wa meza nikihesabu kwa sauti, na sikuona aibu. Ya nne. Ya tano. Baada ya ya saba aliacha kuniangalia kama adui. Alipomaliza kulikuwa na mpya kumi na moja ubaoni. Nilitoa kwenye mkoba fomu ya Fundi, nakala ya mwisho niliyokuwa nayo, nikaiweka mbele yake. Aliisoma yote, hata mstari wa mwisho.

"Nani alichora hii?"

"Mwenye utumbo."

Wiki ya pili nilirudi kuichukua, imejazwa kila mstari. Tezi kumi na nne kwa jumla. Nne zina saratani. Uvimbe umeingia kwenye mishipa. Askari wa ukingoni: wachache sana. Kwa hiyo dawa ilikuwa lazima, na kijana yule alikuwa ameandika hivyo kwa mkono wake na kuomba radhi chini. Sikumwambia asante. Labda ningepaswa.

Kutoka Bungoma nilipitia Bokoli moja kwa moja, maana Fundi alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Ilikuwa Jumamosi. Nilimkuta uani kwenye kiti, amejifunika blanketi ingawa jua lilikuwa kali, shamba lake la mahindi likiwa limekomaa mbele yake. Mkewe alikuwa jikoni. Mkaza mwana alikuwa amekuja na watoto, na alikuwa akianua nguo upande ule mwingine wa boma, mbali, kama inavyotakiwa.

Nilimpa karatasi. Alivaa miwani. Alisoma polepole na kidole kikishuka mstari kwa mstari, na kwenye jumla ya tezi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu kijana anaweza. Arihitaji tu mtu wa kumfokea." Kisha kidole kikafika chini. Kikakaa hapo.

"Nne," akasema. "Na mrangoni hakuna mtu."

"Kuna dawa, Fundi. Daktari amesema tukianza Jumatatu—"

"Najua kuna dawa. Nimeandika hizo fomu kabra yako." Akageuka, akainua sauti kuelekea kwenye kamba ya nguo. "Daktari! Kuja hapa."

Hakuwahi kumwita hivyo mbele ya watu. Msichana aliacha nguo akaja, akasimama hatua kama tano, ameinamisha macho. Fundi naye hakumwangalia, aliongea na karatasi.

"Nataka kuuriza kitu ya kazi. Kama ungeniona mwaka jana, Krismasi, ungepata nne?"

"Baba, hiyo siwezi jua."

"Kadiria."

"Pengine hakuna." Alikuwa akisokota khanga vidoleni. "Pengine ingekuwa bado kwa ukuta tu."

Nilidhani yameishia hapo. Nilikuwa nimeanza kukunja karatasi nyingine za mkobani. Lakini hakuondoka.

"Baba, hiyo Krismasi niliona."

"Uriona nini?"

"Ulipoinuka kwenda kuombea chakula. Kwa kochi, pahali ulikuwa umekaa." Akaiachia khanga. "Nikageuza mto. Nikaukalia, ndio watu wasione. Kesho yake nikauosha."

Mkewe Fundi alikuwa ametokeza mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

"Irikuwa nyekundu ya kung'aa?" Fundi akauliza. "Ama ya kuiva?"

"Ya kuiva. Karibu nyeusi."

"Basi urijua si bawasiri."

"Nilijua."

"Siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo, baba. Sikujua nitakuambia namna gani. Nilimwambia bwanangu, na yeye akasema ati mzee ni mtu wa maabara, anajijua."

Hapo nilishindwa. Nilisimama katikati ya boma la watu, mgeni, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Nikamwambia msichana kwamba kazi yake ni hiyo, hiyo hasa, kuona damu, na aliiona akaikalia. Nikamwambia Fundi kwamba amesimama kanisani miaka yote kuwafundisha watu mlango ule umeumbwa na nani, halafu wake mwenyewe akaufunga. Nikawaambia wote wawili kwamba walipeana heshima miezi saba mpaka ikaingia kwenye tezi nne. Nilipoishiwa na pumzi, msichana alikuwa analia na Fundi alikuwa amekaa vile vile.

"Umemariza?" akaniuliza.

"Sijamaliza."

"Kaa chini basi, mayi, utaanguka." Akafungua blanketi. Akainua shati mwenyewe, mshono ukaonekana, mrefu, bado mwekundu, na mbavu zote. "Daktari. Nipime. Kabra ya dawa razima mtu apimwe tumbo, ama mrifundishwa vingine?"

Alipiga hatua moja, akasimama. Akamwangalia mama mkwe pale mlangoni, na mama mkwe akaangalia chini. Akapiga nyingine. Alipofika alipiga magoti kando ya kiti, akaipa mikono yake joto kwa kuisugua kwanza, kama tunavyofanya kwa mgonjwa yeyote, kisha akaiweka juu ya tumbo la baba mkwe wake. Fundi alikuwa amegeuza uso wote kwenye mahindi, shingo imekaza.

"Bonyeza kwa nguvu," akasema. "Usiogope. Si hapo. Panda juu kidogo, kushoto."

Akapandisha mikono.

"Hapo," akasema Fundi, bado hajamwangalia. "Hapo ndio irikuwa, Krismasi."